Kompyuta Ndogo na Watu Wake

Mwanzoni mwa mwaka 2016 mnunuzi wa kompyuta ya bodi moja alikuwa na hesabu nyepesi mbele yake. Raspberry Pi 3, toleo jipya la bodi maarufu iliyozaliwa Cambridge, Uingereza, ilitoka Februari kwa dola 35. Mwezi mmoja kabla yake, kampuni ya Xunlong ya Shenzhen, China, ilikuwa imetoa Orange Pi One kwa takriban dola 10. Zote mbili zinaenea kiganjani, zote zina viini vinne vya kuchakata, zote huendeshwa kwa stima ya volti 5 na kuamka kutoka kwenye memori kadi. Pi 3 ilikuwa na wifi na kumbukumbu ya gigabaiti moja. Mwenzake hakuwa na wifi, na kumbukumbu yake ilikuwa nusu ya hiyo. Hata hivyo, kwa bei ya moja ungenunua tatu na chenji ikabaki. Mwalimu wa sekondari huko Kyuso au Mutomo, Kitui, nchini Kenya, anayetaka maktaba ya masomo isiyohitaji intaneti halaumiki akiona kwamba bei imeshamaliza mjadala. Ila chini ya hesabu hiyo limelala swali la kale la falsafa: thamani ya kitu imo ndani ya kitu chenyewe, au imo katika uhusiano wake na walio nje yake? Wanaozipima bodi hizi huchukua jibu la kwanza bila kuliuliza. Huziweka mezani, hupima kasi, joto na bei, kisha hutoa hukumu. Mimi nashika jibu la pili, na sababu zangu mbili kubwa zimetoka Kitui.

Ya kwanza imo katika fikra za John Mbiti, aliyezaliwa Mulango, Kitui, mwaka 1931, akafundisha Makerere, na kitabu chake kuhusu dini na falsafa ya Kiafrika kikachapishwa mwaka 1969. (Shahada yake ya uzamivu aliipata Cambridge mwaka 1963, mji uleule wa Raspberry Pi, sadfa tu, lakini inafurahisha.) Wengi wanalijua fundisho lake kwamba mtu hawi mtu peke yake: kuwapo kwake kunategemea kuwapo kwa watu wake, na akitengwa nao hupungukiwa na utu wenyewe, wala si urafiki tu. Kisichokumbukwa sana ni kwamba Mbiti alipoupanga ulimwengu katika ngazi, kuanzia Mungu, kisha roho, binadamu, wanyama na mimea, aliweka pia ngazi ya tano ya vitu visivyo na uhai. Ngazi hizo zimeshikamana, na binadamu yuko katikati. Mvua, jiwe na jembe hueleweka kwa jinsi vinavyomhusu yeye. Kwa mtazamo huo, kuuliza bodi ina thamani gani ikiwa peke yake mezani ni kuuliza swali lililokatwa katikati. Bodi iliyo peke yake haina thamani ya kupimwa, kama vile haina kazi ya kufanya.

Sababu ya pili imetoka kwenye pampu za maji, na naitegemea zaidi kwa kuwa ni jambo lililotendeka. Mwaka 2013 huko Kyuso, kaskazini mwa Kitui, watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walitia vifaa vidogo vya elektroniki ndani ya mipini ya pampu za mkono za aina ya Afridev. Kifaa kilihisi mpini unavyopanda na kushuka, kikahesabu, kisha kikatuma habari kwa ujumbe wa simu. Mpini ukinyamaza saa zisizo za kawaida, ofisini hujulikana kwamba huenda pampu imekufa. Kabla ya hapo pampu iliyoharibika ilikaa wastani wa siku 27 bila kutengenezwa. Katika jaribio wastani ulishuka hadi chini ya siku 3. Ni rahisi kuisimulia habari hiyo kama ushindi wa kifaa, na wengi wameisimulia hivyo. Lakini kifaa hakikukaza nati hata moja. Kilichozipunguza zile siku ni kikosi cha mafundi kilichopokea ujumbe, kikabeba mabomba na vipuri, kikafika kisimani. Ndiyo maana kilichofuata baada ya utafiti kilikuwa kampuni ya matengenezo, FundiFix, inayohudumia Kitui na Kwale, ambayo watumiaji wa maji huilipa ada ili mafundi wawepo pampu inapokufa. Kifaa kilekile kikitiwa katika pampu isiyo na fundi wa kuijia kingekuwa kinatangaza msiba tu, tena kwa usahihi mkubwa.

Sasa turudi kwenye bodi mbili tukiwa na macho hayo. Chipu ya Orange Pi One ni H3 ya kampuni ya Allwinner. Kiini cha mfumo endeshi ambacho Allwinner ilikitoa kwa ajili yake kilikuwa Linux toleo la 3.4, lililotoka mwaka 2012. Dunia ilikuwa imeshasonga mbali. Mwaka 2016 ikagundulika kwamba ndani ya kiini hicho kulikuwa na mlango uliosahauliwa wazi: programu yoyote, hata isiyo na ruhusa, ikiandika neno "rootmydevice" katika faili fulani, inakabidhiwa mamlaka yote ya mashine. Aliyekiandika alitaka pengine kurahisisha majaribio ya kiwandani, kisha bidhaa ikasafirishwa na mlango wake. Tatizo jingine lilikuwa joto. Mifumo ya mwanzo ya bodi za H3 iliisukuma chipu hadi karibu gigahezi 1.5 kwa umeme mwingi kuliko ilivyohitaji, hivyo ikachemka hata ikiwa haina kazi kubwa. Weka mashine kama hiyo chini ya bati mwezi Septemba katika tambarare za Mutomo, bila feni, nawe umeinunulia shule pasi. Hakuna lolote kati ya hayo linaloonekana katika orodha ya sifa. Viini ni vinne kweli, bei ilikuwa dola 10 kweli. Kilichokosekana ni watu wa kuziba mlango na kupunguza moto.

Upande wa pili, bodi ya kwanza kabisa ya Raspberry Pi, iliyoanza kuuzwa tarehe 29 Februari 2012, bado inapokea mfumo endeshi mpya kutoka kwa watengenezaji wake. Ukiifuta vumbi leo utaweza kuiwasha na kuisasisha. Ukweli huo hauna uhusiano wowote na ubora wa chipu yake, ambayo hata mwaka ule ilikuwa ya kizamani. Kuna waliokubali kuibeba miaka yote hiyo. Na wa kwanza kuibeba hawakuwa waajiriwa wa kampuni: Mike Thompson na Peter Green, wapenzi wawili wa kazi hiyo, ndio waliojenga Raspbian, mfumo endeshi wake, mwaka 2012, kwa kuuchukua mfumo wa Debian na kuufinyanga upya ili uende vizuri kwenye bodi hiyo.

Pingamizi la kwanza ni zito. Ukiipima bodi kwa watu wake, atasema mtu, umeshampa mkubwa ushindi wa siku zote. Bodi zaidi ya milioni 60 zilizouzwa zitakuwa na mafundi, vitabu na majibu mengi kuliko laki chache. Mwenye nacho ataongezewa, na kijana wa Shenzhen mwenye wazo zuri hatapata pa kusimama. Tena huyo mkubwa mwenyewe si mtakatifu. Chipu za Raspberry Pi ni za Broadcom, na programu inayoziamsha imefungwa, haisomeki na mtu wa nje. Uhaba wa chipu ulipokuja mwaka 2021, bei ikapandishwa kwa mara ya kwanza mwezi Oktoba, na Aprili 2022 Eben Upton, mmoja wa waanzilishi wake, akaeleza kwamba wateja wa viwandani walipewa kipaumbele kwa kuwa riziki za watu zilitegemea bodi hizo. Sababu yake inaeleweka. Lakini mwanafunzi, ambaye kwa jina lake mradi mzima ulianzishwa, akapanga foleni nyuma ya kiwanda. Mwezi Juni 2024 kampuni ikaingia katika Soko la Hisa la London. Jamii gani hiyo, mtu ataniuliza, ambayo mdogo ndiye wa kwanza kuachwa?

Nalikubali pingamizi hilo karibu lote, na bado sioni kwamba linaiangusha hoja. Linachokionyesha ni kwamba idadi ya wanunuzi na watu wa kitu ni mambo mawili. Mteja ni mtu aliyelipa. Mtu wa kitu ni yule atakayesumbuka kikiharibika. Kwa kipimo hiki Orange Pi haikuwa yatima kama nilivyoiacha ionekane hapo juu. Kulikuwa na kundi la watu wa kujitolea waliojiita linux-sunxi, wakichimbua chipu za Allwinner bila msaada mkubwa wa Allwinner yenyewe, wakaandika upya kidogo kidogo mpaka H3 ikakubaliwa katika Linux kuu inayotumika duniani. Wenzao wa Armbian, wanaotengeneza mfumo endeshi wa bodi kama hizi, ndio walioteremsha kasi na umeme wa chipu ile hadi ikapoa, na walikuwa miongoni mwa waliopiga mbiu kuhusu mlango wa mwaka 2016. Orange Pi One ya mwaka 2016 yenye mfumo wa dukani na Orange Pi One ileile miaka michache baadaye ikiwa na Armbian ni mashine mbili tofauti kwa thamani, ingawa hakuna hata waya mmoja uliobadilishwa. Sijui ushahidi ulio wazi kuliko huo kwamba thamani ilikuwa nje ya bodi. Na mdogo hahitaji mamilioni ili asimame: watu kumi wasiochoka wanaweza kutosha.

Msomaji wa dini anaweza kuona kasoro nyingine: kuvipa vifaa lugha ya jamii na utu ni kuvikweza. Chombo ni chombo, na moyo wa mtu una pengine pa kwenda. Tahadhari hiyo ni ya haki, lakini inanisaidia zaidi kuliko inavyonipinga. Sisemi bodi ni mmoja wetu. Nasema haina chochote cha kwake isipokuwa kile ambacho watu wanakiweka na kukitunza ndani yake. Anayeikuza chipu peke yake, akiamini kwamba gigahezi zitaifundisha shule, ndiye aliye karibu zaidi na kuabudu kazi ya mikono. Kanisa na msikiti vyote vina neno kuhusu amana, kwamba ulichokabidhiwa utaulizwa habari zake. Mashine iliyonunuliwa kwa michango ya wazazi ni amana, na atakayeulizwa hatakuwa mtengenezaji wa China wala wa Uingereza.

Linabaki pingamizi la wakati, ambalo Mbiti mwenyewe analileta. Alidai kwamba katika fikra za jadi za Kiafrika wakati hutengenezwa na matukio, kwa hiyo siku za mbali ambazo bado hazijatukia karibu hazipo. Kwa kipimo hicho ahadi ya muuzaji kwamba bodi itasasishwa miaka kumi ijayo haina uzito. Chenye uzito ni miaka ambayo tayari amesasisha. Napenda ukali wa wazo hilo mbele ya wauzaji. Lakini likishikwa lote, kitu kipya hakitachaguliwa kamwe, kwa kuwa hakina yaliyopita. Mghana Kwame Gyekye alimpinga Mbiti kwa kusema kwamba Waafrika wana dhana kamili ya wakati ujao, na nadhani Kitui yenyewe inampa Gyekye ushahidi. Vikundi vya mwethya, yaani vya kazi ya kusaidiana, vimejenga mamia ya mabwawa ya mchanga katika mito ya msimu ya wilaya hiyo ya zamani, mengi kwa msaada wa shirika la SASOL tangu miaka ya 1990. Ukuta ukikamilika bwawa huwa bado halijawa bwawa: huchukua misimu kadhaa ya mvua mchanga ujae nyuma yake na kuyashika maji. Aliyebeba mawe amefanya kazi kwa ajili ya maji ambayo hajayaona. Kinachomfanya aamini si rekodi ya ukuta huo, ambao ni mpya. Anawajua aliobeba nao, na anajua kwamba ukipasuka watarudi.

Basi mshindani anaweza kuchaguliwa, kwa sharti moja tu: anayemchagua awe tayari kuwa mmoja wa watu wake. Shule ya Kyuso ikiwa na mwalimu mmoja wa kompyuta anayehamishwa kila miaka michache, dola 25 za ziada za Raspberry Pi, kwa bei zile za mwaka 2016, ni bei ya haki, maana zinanunua maswali yaliyokwisha kujibiwa na maelfu ya wengine. Lakini chukua kesi nyingine: chuo cha ufundi, au klabu ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha SEKU pale Kwa Vonza, ikubali kuzitunza bodi za shule ishirini, kuandaa kadi moja iliyojaribiwa, kuweka kadi za akiba, na kurudisha marekebisho yake kwa Armbian ili fundi wa Lodwar au La Paz ayakute. Hapo Orange Pi tatu kwa bei ya moja zinakuwa chaguo bora, na wanafunzi wanapata kazi ambayo bodi iliyotatuliwa tayari isingewapa. Ile akiba ya dola 25 haikutoka hewani. Ni ujira wa kazi ambayo mtengenezaji hakuifanya na ambayo mtu fulani ataifanya, na zabuni ya shule inayotaja viini, kumbukumbu na bei bila kumtaja mtu huyo, simu yake, na umbali wake kutoka shuleni, bado haijaandikwa hadi mwisho.