Kivuli kwenye Figo na Deni la Aliyekiona

Figo za mtoto humaliza kujengeka karibu na wiki ya 36 ya mimba. Lakini kwa takriban kichanga mmoja katika 100 hubaki vipande vya nyama changa, mfano wa kifusi ambacho fundi hakukizoa. Saratani ya figo ya utotoni, ambayo mabaki hayo huweza kuizaa na iliyopewa jina la Mjerumani Max Wilms aliyeieleza mwaka 1899, humpata mtoto mmoja hivi katika 10,000. Ukizipima hesabu hizo mbili utaona kwamba mabaki mengi huyeyuka yenyewe, mzazi asijue kamwe kama yalikuwapo. Je, ni haki kumtafutia mtoto kitu ambacho bado si ugonjwa?

Picha ya ultrasaundi peke yake haitatui jambo. Mabaki kwa kawaida huwa bapa, ya rangi moja, pembezoni mwa figo. Uvimbe wa saratani huwa wa mviringo wenye mabaka. Vikiwa vidogo hufanana, na hata kipande kilichochomolewa kwa sindano chaweza kumdanganya mtaalamu. Kinachovitenga ni muda: hiki kimenywea, kile kimekua. Kwa hiyo anayepiga picha ya kwanza amejitwika deni la picha ya pili, na asiyeweza kulilipa amemtia mama hofu bure. Ndiyo maana naona haifai kuwapima watoto wote. Wapimwe wenye dalili za hatari, kama aliyezaliwa bila ile duara ya rangi inayozunguka mboni ya jicho, au mwenye ulimi mkubwa na upande mmoja wa mwili uliozidi mwingine. Hao huangaliwa kila miezi mitatu hadi miaka saba.

Utaambiwa kwamba mficha maradhi kilio humuumbua, na kwamba yule mmoja atakayepata saratani kati ya kila 100 wenye mabaki ni mtoto wa mtu. Kweli, lakini na wale 99 ni watoto wa watu, na figo iliyokatwa bure hairudi. Waumini nao watasema kuchungulia ni kukosa imani. Mbona kungoja miezi mitatu ni subira ileile wanayoihubiri, ila hii ina tarehe? Pingamizi zito kwangu ni la mpaka wa Uganda na Kenya. Familia za Wasamia na Wateso zina nyumba pande zote mbili. Mtoto aliyepimwa Tororo leo huenda kesho yuko kwa bibi yake Busia ya Kenya, na rufaa ya upande mmoja inaelekea Kampala, ya upande wa pili Eldoret. Basi, daktari, kabla hujampaka mtoto jeli ya ultrasaundi tumboni, muulize mama: baada ya miezi mitatu mtakuwa upande gani?