Mlango Unapofungwa

Soma Matendo 16:6-15 na 19:8-10. Paulo alitaka kwenda wapi, naye Mungu alimpeleka wapi?

Paulo na wenzake walitaka kuhubiri Asia, Roho akawakataza. Wakajaribu Bithinia; wakazuiwa tena. Biblia haisemi kwamba walielezwa sababu. Wakashuka hadi Troa, na hapo ndipo Paulo alipoonyeshwa mtu wa Makedonia katika maono. Lakini huko Filipi, wasikilizaji wao wa kwanza walikuwa wanawake kando ya mto, akiwamo Lidia.

Walichozuiwa hakikuwa dhambi, bali kazi ya injili. Hata kusudi jema hutupasa kulisalimisha kwa Bwana. Miaka kadhaa baadaye, Asia yote ilisikia neno.

Je, ni mpango gani mwema ambao Bwana ameuzuia maishani mwako? Utamtii hata kabla hujajua sababu?