Uzoefu wa Kutoa Fotokopi

Binti wa kaka yangu anasoma uhasibu, mwaka wa pili, hapa Dar es Salaam. Wiki hii ameangukiwa na bahati mbili kwa mpigo, na nyumba haina amani. Kuna barua ya kukubaliwa fildi katika ofisi moja kubwa pale Posta, Julai hadi Septemba: posho hakuna, nauli hakuna, chakula ajitegemee. Na kuna mwenye duka la vitenge Kariakoo, anatafuta mtu wa kumwandikia hesabu miezi hiyohiyo, na analipa kila Jumamosi.

Baba yake hakufikiri mara mbili. "Posta. Ukishaingia mle watakujua." Binti akanigeukia: "Shangazi, na wewe unaonaje?" Kaka alikuwa ananikazia macho, nikaomba chai. Sasa nayasema hapa, maana gazeti hili kaka hulisoma.

Najua atanijibu nini. Kila tangazo la kazi linadai uzoefu, na nani atamwita kwenye usaili mtu aliyeandika hesabu za vitenge? Haya, uzoefu wa nini? Vijana wa fildi nimewaona maofisini. Wanatoa fotokopi, wanapanga mafaili, wanatumwa chapati, mchana wanagombania kiti. Jioni wanajaza daftari la fildi kwamba leo wamejifunza "taratibu za malipo", na msimamizi anasaini bila kusoma. Sisemi wote. Fundi umeme lazima aufikie mtambo, na muuguzi lazima aingie wodini. Hesabu lakini zipo popote penye fedha.

Na Kariakoo fedha ipo. Kuna wateja wa kutoka Lubumbashi na Lusaka, kuna kontena moja lenye mizigo ya watu chungu nzima ambayo gharama zake lazima zigawanywe, kuna mashine ya EFD, kuna VAT ya asilimia 18 ambayo mteja akiisikia anaomba bei ya bila risiti. Mei 2023 wafanyabiashara wa pale walifunga maduka kwa hasira za kodi na kamatakamata, mpaka Waziri Mkuu akaenda Mnazi Mmoja kuwasikiliza. Mwanafunzi aliyekaa katikati ya mvutano huo na kalamu mkononi hawezi kurudi chuoni bure.

Lakini kinachonichoma hasa ni kwamba kazi hiyo ya bure huitwa "kujitolea". Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu hapa Dar waliandamana kupinga Jeshi la Kujenga Taifa la lazima. Sharti mojawapo lilikuwa kufanya kazi miezi 18 kwa asilimia 40 tu ya mshahara. Mwalimu Nyerere alikasirika, akawafukuza karibu 400, na papo hapo akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Wale vijana tuliwaita wabinafsi, na pengine walikuwa. Walau asilimia 40 ilikuwepo! Leo ofisi inamtaka mtoto kwa sifuri, na sijasikia meneja aliyejikata hata shilingi.

Tena anayeimudu hiyo sifuri ni nani? Ni mwenye pa kulala mjini. Baadhi ya wenye mkopo, Bodi ya Mikopo huwapa fedha za fildi. Asiye nao, aliyetoka Sumbawanga na hana shangazi Temeke, anajilipia nauli kwenda kumzalishia tajiri. Halafu mwakani tunasema watoto wa mjini ndio wana uzoefu.

Kitu kimoja cha kaka nakikubali: chuo kinataka sahihi na muhuri. Basi mratibu wa fildi aulizwe, duka lenye leseni, TIN na muhuri wake linapungukiwa nini? Akikataa, binti aende Posta kwa wiki nane zinazodaiwa na chuo, asiongeze hata siku moja, na Jumamosi zote awe Kariakoo.