Shamba Kwanza, Kisha Meza

Kila tarehe 25 Julai taifa letu huwakumbuka mashujaa. Mkuki, ngao na mashada ya maua huwekwa kwenye mnara, na viongozi wa dini huomba. Waliolala Kaboya, mkoani Kagera, hukumbukwa siku hiyo, nao wanastahili. Lakini askari wengi hawakufa vitani. Walirudi, wakazeeka, na baadhi yao ni majirani zetu, kuanzia Lugalo na Tegeta hadi Mgulani na Mbagala. Tunakaa nao benchi moja kanisani. Huyu ana goti lisilokunjika, yule hasikii sikio moja. Je, pensheni na fidia ya ulemavu anayopewa mtu huyu ni shukrani yetu kwake, au ni deni letu?

Tofauti yake ni kubwa. Shukrani hutolewa mtoaji anapoguswa, na kiasi hukipanga yeye. Deni lina kiasi chake na siku yake, hata kama mdaiwa ana shida.

Wapo wanaokumbusha kwamba Yohana Mbatizaji aliwaambia askari waridhike na mshahara wao (Luka 3:14). Ni kweli, lakini huwezi kumwambia mtu aridhike na mshahara ambao haukumfikia. Yohana aliwakataza pia kuwanyang'anya watu mali. Askari asiyenyang'anya humtegemea kabisa yule aliyemtuma.

Mwalimu ana chama cha wafanyakazi cha kumsemea. Askari hana chama, wala hagomi, na nchi hii inajua sababu. Tarehe 20 Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles waliasi katika kambi ya Colito, ambayo leo ni Lugalo, wakidai nyongeza ya mishahara na kuondolewa kwa maofisa wa Kiingereza. Serikali changa ilitikisika. Tarehe 1 Septemba mwaka huohuo likaundwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Tulitaka jeshi linalotii, na tulikuwa na haki ya kulitaka. Ila ukimwondolea mtu uwezo wa kudai, unabeba wewe wajibu wa kumhesabia stahili yake. Yakobo anasema ujira uliozuiliwa hupiga kelele, na kilio hicho humfikia Bwana (Yakobo 5:4). Mwenye ujira akikatazwa kupaza sauti, ujira wenyewe bado hulia.

Nani basi ahesabiwe? Katika 1 Samweli 30, watu 200 wa Daudi walichoka, wakabaki kwenye kijito cha Besori wakilinda vyombo. Waliopigana walipotaka kuwanyima mateka, Daudi alikataa, akaifanya kuwa sheria kwamba mlinda vyombo na mpiganaji wagawane sawa. Sisi tunaoshuka Kariakoo kila siku tunalitaja jina la waliosahauliwa namna hiyo. Jina hilo limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Makumi ya maelfu ya wapagazi wa vita vile walikufa, wengi kwa maradhi na njaa. Miaka ya 1960 Ujerumani Magharibi iliwalipa wazee waliokuwa askari wa Wajerumani. Malipo yale yalikuwa ya askari. Vita vya Kagera navyo, mwaka 1978 na 1979, havikupiganwa na wanajeshi wa kudumu peke yao. Maelfu ya wanamgambo walikwenda, kisha wakarudi vijijini. Sheria ya Besori inatuuliza habari zao, na za wajane wao.

Mtu atasema: mkulima na mama lishe hawana pensheni, na nchi ni maskini. Hoja hii si ya kupuuzwa. Mwaka 2015 kima cha chini cha pensheni kwa wastaafu wanaolipwa na Hazina kilipandishwa kutoka takriban shilingi 50,000 hadi takriban 100,000 kwa mwezi, na kila nyongeza ya namna hiyo hutoka kwenye kodi ya mkulima na mama lishe haohao. Lakini umaskini hupunguza kasi ya kulipa, haufuti deni. Mkulima naye anastahili kutunzwa uzeeni, ila hatumtendei haki kwa kumdhulumu askari. Na goti la askari liliumia kwa amri iliyotolewa kwa niaba yetu sote.

Daudi alimwapia Yonathani kwamba ataitendea mema nyumba yake. Yonathani alipokufa vitani, Daudi hakungoja barua ya maombi. Aliuliza mwenyewe nani amesalia, akamtafuta Mefiboshethi, kilema wa miguu yote miwili, hadi Lodebari (2 Samweli 9). Kwanza akamrudishia mashamba ya babu yake, kisha akamkaribisha mezani. Shamba lilikuwa haki, meza ilikuwa upendo.

Kanisa tunajua sana kuandaa meza: sadaka, vikapu vya Krismasi, kumtembelea mgonjwa. Tuendelee. Lakini mchele wetu usimfanye mzee asahau shamba lake, wala usimpumzishe anayedaiwa. Kila jumuiya iulize nani amesalia mtaani kwake. Imsindikize mstaafu kwenye uhakiki. Imsaidie mjane kupata cheti cha kifo na kufungua mirathi Mahakama ya Mwanzo. Na pale faili linapokwama, viongozi wetu waandike barua kwa wenye mamlaka, kwa heshima na bila kuchoka, wakitaja kinachodaiwa kwa jina lake: deni.