Rangi Mpya, Injini Ile Ile

Somo: Ezekieli 36:25–27, Mathayo 23:25–28, 1 Timotheo 3:6



Leo nataka tuingie gereji. Wengi wenu mnajua kwamba kabla ya kuitwa kwenye huduma nilikula kwa kushika spana. Nimefungua injini nyingi za pikapu, hasa zile Hilux za zamani za dizeli zenye injini ya 2L, cc 2,446. Gari hizo zimebeba maziwa, viazi, mahindi, hata majeneza ya watu wetu. Na wateja walikuwa wa aina mbili.

Wa kwanza anasema, "Fundi, nipigie rangi, nataka kuuza." Injini inatoa moshi, inakunywa oili kila wiki, lakini yeye anataka uweke oili nzito ili inyamaze kidogo, mpaka mnunuzi alipe. Wa pili anasema, "Fundi, fungua. Nataka kujua ukweli."

Hebu jiulize, mpendwa: mbele za Mungu wewe ni mteja yupi? Yesu aliwaambia Mafarisayo kwamba wanaosha kikombe kwa nje huku ndani kumejaa uchafu. Hiyo ndiyo kazi ya rangi.

Kwanza, moshi hausemi uongo. Moshi wa buluu unakuambia oili inaungua ndani. Moshi mweusi unakuambia mafuta yamezidi hewa. Ukiona moshi mweupe usioisha na maji ya redieta yanapotea, shuku gasketi ya hedi, ama hedi yenyewe imepasuka. Fundi hagombani na moshi, anausoma. Yesu alisema kinywa hunena yale yaliyoujaza moyo. Kwa hivyo, baba, ukiingia nyumbani jioni na watoto wakanyamaza ghafla, huo ni moshi. Mama, kama kila jina linalotajwa mezani kwako linaondoka na jeraha, huo ni moshi. Usiwakemee watoto. Usimlaumu jirani. Uliza ndani kuna nini.

Pili, lazima ifunguliwe na ipimwe. Dizeli haina plagi ya kuwasha moto. Pistoni inabana hewa mpaka hewa inakuwa moto sana, mafuta yakinyunyizwa yanawaka yenyewe. Sasa ringi zikiisha, hewa inapenya pembeni, mgandamizo unapungua, na asubuhi ya baridi unasukuma gari mpaka jirani anachoka na wewe. Wako wapendwa wanaokuja kila ibada wasukumwe na mchungaji. Ikifika Jumatano, imezima tena.

Fundi wa kweli hakisii kwa macho. Anatoa hedi, anaangalia kama imepinda, anaingiza kipimo kwenye silinda, anapima krankshafti. Neno la Mungu ndicho kipimo chetu. Usijipime kwa jirani yako, kwa maana yeye pia ringi zake zimeisha!

Tatu, kuna injini isiyofaa kukarabatiwa tena. Silinda ikilika, inachongwa, unaweka pistoni kubwa zaidi, labda kwa nusu milimita. Lakini huwezi kuchonga milele. Chuma kinaisha. Hapo namwambia mwenye gari, "Mzee, tusidanganyane. Tafuta injini nyingine." Wengi huweka 3L, cc 2,779, ndugu mkubwa wa 2L. Bodi ni ile ile, lakini sasa mlima unapandika.

Kuna mtu anasoma hapa ambaye amejichonga miaka mingi. Kila Januari anaahidi kuacha pombe, kuacha kamari ya simu, kuacha nyumba ya pembeni. Kila Machi amerudi. Sikia Ezekieli: Mungu hasemi atalipiga polishi jiwe. Anasema ataliondoa, atie moyo mwingine, na ndani yake aweke Roho wake. Huo si ukarabati. Ni moyo mpya! Na kama vile injini mpya lazima iandikishwe NTSA ili nambari yake iwe kwenye logibuku, aliyeokoka naye jina lake limeandikwa katika kitabu cha uzima. Polisi akisimamisha, nambari inasomeka. Shetani akikushtaki, jina linasomeka.

Nne, tafuta kilichoua ile ya kwanza. Injini nyingi haziui zenyewe. Redieta imeziba, injini ikachemka, hedi ikapasuka. Ukiweka injini mpya juu ya redieta ile ile, utarudi gereji ukilia. Umeokoka, haleluya! Lakini bado uko kwenye lile kundi la simu linalotuma mikeka ya kamari kila asubuhi? Bado unapitia kwa ile baa "kusalimia tu"? Badilisha redieta, ndugu. Toka kwenye hilo kundi leo. Badilisha njia ya kurudi nyumbani.

Tano, injini mpya haibebeshwi tani siku ya kwanza. Kwa kilomita 1,000 hivi za mwanzo unaiendesha kwa upole. Hukanyagi mpaka mwisho, hupakii mzigo mzito. Halafu unamwaga ile oili mapema, kwa maana ina chembe za chuma. Paulo alimwonya Timotheo asimweke mwongofu mchanga kuwa mwangalizi. Lakini tunaona makanisani: kijana ameokoka Machi, Mei anahubiri, Agosti anaongoza mkesha, Krismasi hayuko. Halafu tunasema alirudi nyuma. Je, nani alimpakia? Wazee, na tumfuate huyo kijana nyumbani kwake, tusimngoje madhabahuni. Na akirudi, akae, ale Neno, apone.

Sasa nifunge. Yawezekana kuna mtu hapa aliyeuza gari, ng'ombe ama shamba huku akijua kasoro na kunyamaza. Zakayo alipokutana na Yesu hakuimba pambio peke yake. Aliahidi kurudisha mara nne. Wiki hii mpigie mnunuzi wako. Mwambie ukweli, mkubaliane utakavyomlipa, hata kama ni kidogo kidogo. Itakuuma, lakini utalala.

Na wewe uliyechoka kuongeza oili nzito, sema ombi hili kwa kinywa chako:

"Bwana Yesu, nimechoka na rangi. Fungua moyo wangu, pima, usinifiche kitu. Ondoa jiwe, nipe moyo mpya, weka Roho wako ndani yangu. Nionyeshe cha kubadilisha nyumbani kwangu, na unipe nguvu ya kurudisha nilichochukua. Amina."

Kama umeomba hivyo, mwone mchungaji ama kiongozi wa ushirika wa nyumbani kabla ya Jumapili. Usitembee peke yako.