Azma ya Mwanzo wa Mwaka

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa zote njema zamstahiki Mwenyezi Mungu, aliyeufanya usiku na mchana kupokezana ili apate kukumbuka mwenye kutaka kukumbuka. Na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake.

Ama baada ya hayo. Unapoandama Mfunguo Nne, nao ndio Muharram, au unapoingia mwezi wa Januari, wengi katika Waislamu hujiwekea mambo ya kutenda. Huyu hunuia kupata kazi iliyo bora kuliko aliyo nayo. Huyu hunuia kujenga nyumba au kujifunza ufundi. Na huyu hunuia kuacha ulevi na kushika Sala zake. Jambo hili ni jema, kwani Qurani Tukufu, katika Sura ya Hashr, aya ya 18, imeiamrisha kila nafsi kutazama inayoitangulizia kesho yake. Lakini mwezi wa pili hauandami ila nia nyingi katika hizo huwa zimekwisha sahauliwa, na mwenyewe akiulizwa hujibu kuwa Mungu hakujaalia. Yafaa basi kutazamwa ni upungufu gani ulioziingia nia hizo. Na mwalimu wa jambo hili ni mwaka wenyewe wa Kiislamu.

Katika ukhalifa wa Sayyidna Umar bin Al-Khattab, yapata mwaka wa 17 baada ya Hijra, Waislamu walihitaji tarehe ya kuandikia barua na hesabu zao. Wakashauriana, ikakubaliwa ya kuwa mwanzo wa hesabu uwe Hijra ya Mtume (s.a.w.) kutoka Makka kwenda Madina, nayo ilikuwa mwaka 622 wa Kizungu. Basi ajabu ni hii: Mtume alifika Madina katika Mfunguo Sita, na mwaka wakauanza Mfunguo Nne. Mwanachuoni Ibn Hajar Al-Asqalani alieleza ya kuwa watu wa Madina walifunga ahadi na Mtume katika Mfunguo Tatu, na mwezi ulioandama baada ya ahadi hiyo ulikuwa Muharram. Basi hapo ndipo ilipoanza azma ya kuhama. Kwa maelezo hayo, mwaka wa Waislamu wahesabiwa tangu mwezi wa kuazimia. Lakini azma ile ilifuatwa na vitendo, na katika vitendo hivyo mna mafunzo matano.

La kwanza ni nia. Hadithi mashuhuri ya nia, ambayo Imamu Bukhari ameifungulia kitabu chake, yaitaja Hijra yenyewe: wawili huweza kusafiri njia moja, mmoja akahamia kwa Mungu na Mtume wake, na mwengine akahamia mali au mwanamke wa kumwoa, na kila mmoja akapata alilolihamia. Na ajiulize kila mwenye kutaka cheo au mshahara mkubwa: ataka cha nini? Akiwa ataka kulisha wazee wake, kusomesha watoto wake na kujizuia na kuomba, basi kazi yake ni ibada. Akiwa ataka kumpita jirani yake na kumdharau, amekwisha pata hasara kabla ya kuanza.

La pili ni kurudisha haki za watu. Makureshi walimfanyia Mtume uadui, na juu ya hayo amana zao zilikuwa nyumbani kwake. Alipotoka Makka alimwacha Sayyidna Ali nyuma azirudishe kwa wenyewe, kisha ndipo amfuate. Hapa ndipo wanapoanguka wengi. Na upigwe mfano wa mwenye duka aliyewekewa fedha za mayatima na marehemu nduguye. Mwaka waingia, naye ameazimia kuongeza bidhaa na kufungua duka la pili. Na zile fedha amekwisha zichanganya na zake, hata daftari hana. Mama wa mayatima akija, humwambia angoje mavuno ya karafuu. Mtu huyu hana haja ya kuulizwa mwaka ujao atafanya nini. Kazi yake ya kwanza imo mikononi mwake: akae, ahesabu, aandike mbele ya mashahidi, na alipe. Kwani nyumba inayojengwa juu ya mali ya yatima msingi wake ni moto, na lau ina ghorofa tatu.

La tatu ni matayarisho. Sayyidna Abubakar aliwalisha ngamia wawili majani kwa muda wa miezi 4 kwa kungoja safari ile. Alipompa Mtume mmoja wao, Mtume hakukubali ila kwa thamani yake. Walimwajiri kiongozi aliyezijua njia, naye hakuwa Muislamu. Madina iko upande wa kaskazini, nao wakaelekea kwanza kusini, kwenye pango la mlima wa Thaur, wakakaa siku tatu. Abdullahi mwana wa Abubakar akiwaletea habari za mji usiku. Asmaa nduguye akawatengenezea chakula. Na Amir bin Fuhaira akiwapelekea mbuzi wa maziwa. Huyu ni Mtume wa Mungu, aliyeahidiwa nusura, wala hakuiacha hata sababu moja. Basi vipi kijana atasema mwaka huu atakuwa seremala, naye hajamwendea fundi wa kumfunza, wala hajaweka akiba ya kununulia msumeno na randa?

La nne ni kumtegemea Mungu baada ya sababu. Waliokuwa wakiwatafuta walifika mlangoni mwa pango, hata Abubakar akachelea kuwa mmoja wao akitazama miguuni pake atawaona. Mtume akamtuliza kwa kumkumbusha ya kuwa Mungu yu pamoja nao. Matayarisho yalikuwa yamekwisha, na lililobaki lilikuwa la Mungu peke yake. Ndiyo maana Sura ya Kahfi yakataza mtu kusema atatenda jambo kesho bila ya kusema Inshaallah. Lakini neno hili tukufu limegeuzwa na watu wengi kuwa udhuru wa mvivu: akisema Inshaallah hujulikana kuwa haji. Na wengine husema riziki imeandikwa. Naam, imeandikwa, na ndege waliopigiwa mfano katika Hadithi hutoka asubuhi na njaa wakarudi jioni wameshiba, wala hawakushiba kwa kukaa matunduni.

La tano ni kudumu. Abdurrahman bin Auf alifika Madina hana kitu, na Saad bin Rabii akataka kumgawia nusu ya mali yake. Akamshukuru na kumwombea baraka, kisha akaomba aonyeshwe soko. Siku ya kwanza alirudi na jibini na samli kidogo, na kesho yake akaenda tena, hata akawa tajiri. Na Mtume amefundisha ya kuwa amali ipendezayo zaidi kwa Mungu ni ile yenye kudumu, ijapokuwa ni chache. Mwenye kusoma ukurasa mmoja kila siku atamaliza kitabu. Na mwenye kuazimia juzuu nzima kila usiku huenda akaacha katika usiku wa tatu.

Na ajue kila Muislamu ya kuwa mwaka wa mwezi una siku 354 au 355. Aliyetimiza miaka 32 kwa hesabu ya jua, kwa hesabu ya mwezi amekaribia 33, na Zaka ya mali yake hufuata mwezi. Umri wapita upesi kuliko adhaniavyo mwenyewe.

Mwenyezi Mungu awajaalie Waislamu nia safi, azma ya kweli na vitendo vyenye kudumu. Awape nguvu wenye amana kuzirudisha kabla haijawafikia siku isiyokuwa na dinari wala dirhamu. Amin.