Asilimia Mia Juu ya Pori la Handeni

Simuleta za ndege za kivita zina ukurasa ambao mchezaji huupitia kabla hajaruka. Hapo ndipo anapochagua kiasi cha ukweli atakachokivumilia. Akitaka, risasi za adui hazimdhuru. Akitaka, risasi zake mwenyewe haziishi, mafuta hayapungui, na injini haichemshi hata aikamue vipi. Anaweza kuweka alama juu ya kila ndege ya adui ili aitambue kwa mbali, na ramani inayomwonyesha daima mahali alipo. Baadhi ya michezo hii, kama IL-2 Sturmovik iliyotoka mwaka 2001, ina orodha ndefu ya misaada ya namna hiyo, kila mmoja na kitufe chake. Mchezaji akiizima yote, husemekana amefika kwenye uhalisia kamili, asilimia mia.

Wanaoupenda mchezo huu kwa dhati hawafiki huko kwa siku moja. Huzima msaada mmoja, wakakaa na matokeo yake mpaka wakazoea, kisha wakazima mwingine. Safari hiyo ya polepole inastahili kutafakariwa hata na mtu asiyejali ndege, maana kila kitufe kinachozimwa hudai tabia fulani ichukue nafasi yake.

Chukua risasi. Spitfire za mwanzo zilizopigana mwaka 1940 zilikuwa na bunduki nane, kila moja ikiwa na risasi 300 hivi. Rubani akishikilia kitufe bila kuachia, zote ziliisha kwa takriban sekunde 15. Mchezaji aliyezoea risasi zisizokwisha hufyatua akiwa mbali, anamwaga tu, akitumaini moja itapata. Siku anapozima msaada huo anajikuta mtupu katikati ya vita, na adui bado yupo. Ndipo anapojifunza kungoja. Anasogea, anajizuia, anasogea tena. Kiasi, ambacho wazee walimhubiria kwa maneno, sasa anakipata kwa hesabu ya sekunde.

Chukua injini. Msaada ukiwapo, mtu hukimbiza ndege kwa nguvu zote kutoka mwanzo wa safari hadi mwisho. Ukizimwa, inambidi atazame mishale ya joto na mafuta, apunguze, aipumzishe, aijue mashine yake kama dereva mzee anavyolijua lori la mkonge kwa mlio wake. Chukua na kutua. Wachezaji wengi huruka sehemu hiyo, kwa kuwa vita vimekwisha na ushindi umehesabiwa. Lakini mpanda ngazi hushuka, na ndege nyingi za kweli zilivunjika uwanjani kwao, mikononi mwa marubani waliokwisha kuponea angani.

Katika mambo haya yote sioni aibu kwa anayeanza na misaada yake. Mwanafunzi wa urubani naye hukaa na mwalimu mwenye usukani wa pili, na hakuna anayemwita mwoga. Anayestahili kuulizwa ni yule aliyeweza kuuacha msaada lakini akaung'ang'ania kwa kuwa unampa ushindi. Na kuna mwingine wa kuulizwa zaidi: aliyefika mia, akaanza kuitumia mia hiyo kuwadharau wenzake. Huyo amezima misaada yote ya mashine akasahau kuzima majivuno.

Mimi hupenda kuipima asilimia hiyo kwa ardhi ninayoifahamu. Juni 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Jan Smuts yaliteremka kufuata Mto Pangani na reli ya Tanga, yakaishika Korogwe, kisha yakageuka kusini yakaingia Handeni. Mbele yao kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, alikuwa akirudi nyuma hatua kwa hatua na askari wake. Waingereza walikuwa na ndege. Kikosi cha 26 cha Royal Flying Corps, ambacho wengi wa watu wake walitoka Afrika Kusini, kilikuwa kimefika Mombasa mwanzoni mwa mwaka huo, na ndege aina ya BE2c zilikuwa miongoni mwa zile zilizolisaidia jeshi hilo kwa upelelezi.

Tuseme basi kijana wa Korogwe anatengeneza pambano la simuleta juu ya Handeni ya mwaka 1916, na anazima misaada yote. Atapata nini? Kwanza atapata ndege ya injini ya nguvu za farasi 90, inayokwenda kama kilomita 116 kwa saa ikijitahidi, na kwa joto la huku isijitahidi sana. Barabara ya leo kutoka Korogwe hadi Handeni ina kilomita 65. Angani ni kama nusu saa ya mngurumo na upepo usoni. Mpelelezi wake ameketi mbele, katikati ya nguzo na nyaya za mabawa, mahali pabaya mno pa kutumia bunduki. Njia ataitafuta kwa macho: mto nyuma yake, milima ya Usambara begani, mistari iliyonyooka ya mashamba ya mkonge, kisha pori.

Halafu atasubiri adui wa angani, na adui hatatokea. Wajerumani hawakuwa na ndege ya kupigana juu ya Handeni. Kule Ufaransa BE2c ilichukiwa kwa sababu ilitengenezwa itulie hewani, ikawa nzito kukwepa, na ndege za Kijerumani ziliziangusha nyingi. Hapa utulivu huo haukuwa na wa kuuadhibu. Waliomsumbua rubani walikuwa injini, joto, homa ya malaria, na miti. Askari wa Lettow-Vorbeck walijua kujificha chini ya majani, na mpelelezi aliweza kuzunguka kwa muda mrefu akarudi na habari kwamba ameona pori.

Hilo ndilo pambano la uhalisia kamili juu ya Handeni: saa mbili za kutazama miti, na kitanda cha homa baada ya kutua. Hakuna kampuni itakayoliuza, wala siilaumu. Mchezo una haki ya kuwa mchezo. Ila linatufundisha kwamba ugumu na ukweli ni vitu viwili. Simuleta inaweza kuwa ngumu kupita kiasi na bado ikawa imechagua, kabla ya mchezaji kugusa kitufe chochote, kuonyesha vita kama mashindano ya watu wachache wenye ujuzi angani. Uchaguzi huo haumo katika orodha ya mipangilio, kwa hiyo asilimia mia haiwezi kuusahihisha.

Tazama waliokuwa chini. Jeshi likiwa kando ya reli lililishwa na garimoshi. Lilipoiacha reli pale Korogwe na kuelekea kusini, kila hatua ilikuwa mzigo wa mtu au mnyama, kwa kuwa magari yalikwama na farasi waliuawa na maradhi ya mbung'o. Unga, risasi na dawa vilikwenda kichwani. Wapagazi waliokufa upande wa Waingereza na washirika wao katika vita vya Afrika Mashariki wanakadiriwa kukaribia 100,000, wengi wao kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Na mwanakijiji wa Uzigua, huko huko Handeni, aliyekuwa na mahindi shambani mwezi huo alipitiwa na jeshi moja linalorudi nyuma na jingine linalofuata, yote mawili yakiwa na njaa. Kwake ndege ilikuwa sauti iliyopita juu. Vita vyenyewe vilikuwa ghala lililobaki tupu.

Je, mambo hayo yangeingizwa kwenye mchezo, tungepata uhalisia kamili? Hapana. Kuna msaada mmoja usiozimika hata kwa mchezaji mkali kuliko wote: anaweza kuinuka kitini. Ndege yake ikiwaka moto, atakunywa maji, ataulizia chakula, ataanza upya. Rubani wa mwaka 1916 hakuwa na nafasi hiyo. Mpagazi aliyeshikwa kwa nguvu na kutiwa kwenye msafara alikuwa mbali nayo zaidi, maana hakuuchagua hata mwanzo wake. Kuweza kuchagua ugumu wako mwenyewe ni raha, na anayeipata ni vyema ajue kwamba ni raha.

Sisemi haya ili kumkatisha tamaa anayepanda kuelekea mia. Namtaka aendelee, kwa kuwa kuongozwa na macho badala ya alama, kungoja badala ya kumwaga risasi, na kutua salama badala ya kuhesabu ushindi ni mazoezi mema, na kuna vijana watakaoyapata zaidi mbele ya kompyuta kuliko mahali pengine. Ninalomwomba ni kwamba akishazima msaada wa mwisho asidhani amemaliza. Asome kuhusu mahali anaporuka. Awaulize wazee wa Korogwe na Handeni walisimuliwa nini na wazazi wao. Ajue petroli ya ndege ile ilitoka wapi, na nani aliyelipa. Na mwenzake anayeruka na misaada yote, lakini anayeyajua hayo, asimwite mchezaji wa uongo. Katika kuitafuta kweli ya vita, huenda huyo amemtangulia.